Mpango wa kijiji wa kukabili moto kichaa katika Nyanda za Juu Kusini

Mvua zikikatika mwezi Mei, nyasi za Mufindi, Njombe, Kilolo na Makete hukauka upesi kuliko wengi wanavyodhani. Jalidi ya Juni na Julai huzibabua, na upepo wa kusi humalizia kazi. Hali hiyo hudumu hadi mvua za Novemba au Desemba, na miezi ya kuogopwa zaidi ni Agosti, Septemba na Oktoba. Shamba la paini lililotunzwa kwa miaka 12 linaweza kuteketea kati ya adhuhuri na magharibi ya siku moja, na pamoja nalo ada za watoto na akiba ya uzeeni ya mwenye shamba.

Mwongozo huu ni wa halmashauri za vijiji, kamati za maliasili na vyama vya wapanda miti. Tunaanza na jambo moja ambalo mipango mingi hulikosa. Moto mwingi unaoteketeza mashamba ya miti huwashwa na watu walio kwenye shughuli zao za kawaida: anayeandaa shamba la mahindi, anayetaka nyasi changa kwa ng'ombe wake, anayerina asali, anayechoma mkaa. Sheria inayosema tu "ni marufuku kuchoma" haimzuii mtu huyo. Inamfanya achome usiku, peke yake, bila jirani kujua. Lengo la mpango ni kijiji kuujua kila moto kabla haujawashwa.

Hatua ya 1: Kaeni pamoja wakati mvua bado inanyesha

Kikao cha kwanza kiwe Januari au Februari. Barua za mwaliko ziandikwe na afisa mtendaji wa kijiji, na ziwafikie wenyeviti wa vitongoji, kamati ya maliasili, kamati ya ulinzi na usalama, chama cha wapanda miti, wafugaji, warina asali, wachoma mkaa, wenye mashine za kupasua mbao za dingdong, walimu wakuu, viongozi wa dini na waendesha bodaboda. Kama mmepakana na shamba kubwa la miti, liwe la serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) kama Sao Hill au la kampuni, mwalikeni meneja wake. Vijiji jirani navyo vialikwe, kwa sababu kilima kinachowatenganisha ndicho moto unachokipenda.

Kundi linalosahaulika kila mwaka ni wenye mashamba wasioishi kijijini. Wako Dar es Salaam, Mbeya, Makambako, wengine nje ya nchi. Miti yao imepandwa hadi mpakani, haijapogolewa, na hakuna anayefyeka. Shamba moja la namna hiyo katikati ya mashamba kumi yaliyotunzwa huwa daraja la moto. Fungueni daftari lenye jina la mwenye shamba, namba yake ya simu, ukubwa wa shamba na msimamizi wake wa hapo kijijini. Asiye na msimamizi aandikiwe kabla ya mwisho wa Machi ateue mmoja. Wengi hukubali wakielezwa kwa adabu kwamba jirani hawezi kuzima moto ndani ya shamba lisiloingilika.

Hatua ya 2: Chora ramani kwa miguu

Ramani ya mezani hudanganya. Chagueni watu sita hadi wanane wanaoijua ardhi, wakiwemo wazee na vijana wachungaji, mkatembee mpaka mzima wa kijiji. Simu yenye GPS itasaidia kupima umbali, lakini majina ya mabonde na vilima yaandikwe vilevile wanavyoyaita wenyeji. Mtu anayepiga simu ya moto hatasema latitudo. Atatamka jina la kilima.

Onyesheni kwenye ramani mahali moto ulipoanzia miaka mitano iliyopita, mashamba ya miti na umri wake, nyika za nyasi, mashine za dingdong na malundo yao ya mabanzi na maranda, nyumba zilizoezekwa kwa nyasi, shule na zahanati, vyanzo vya maji, njia ambazo gari linapita na zile zinazoishia porini. Hizi za mwisho ziwekewe alama nyekundu, maana gari likiingia bila mahali pa kugeuza linaweza kuwa mtego.

Vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vichorwe kwa rangi ya kijani. Bonde lenye vinyungu vilivyolimwa na kumwagiliwa wakati wa kiangazi ni kizuizi kizuri kuliko barabara nyingi za moto (kanda zilizosafishwa ili kuzuia moto), na mnaweza kuunganisha mistari yenu nacho. Lakini kinyungu hichohicho kinapoandaliwa Juni au Julai, takataka zake huchomwa pembezoni mwa nyasi kavu, kwa hiyo kiandikeni pia kama chanzo.

Hatua ya 3: Wekeni utaratibu wa kibali cha kuchoma

Hapa ndipo mpango hufa au kupona, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwanza wapeni watu njia ya kutochoma. Masalia ya mahindi yanaweza kulazwa kwenye mifereji na kufukiwa kwenye matuta. Wenzetu wa Mbinga hufukia nyasi chini ya udongo kwenye ngoro zao, yaani mashimo yao ya kilimo cha miteremkoni, na shamba hunufaika kwa mbolea. Mrina asali atumie bomba la kufukizia nyuki moshi badala ya mwenge wa nyasi. Chama cha wapanda miti kikinunua mabomba machache na kuyaazimisha, kitakuwa kimelinda mali kubwa kwa pesa ndogo.

Anayebaki na sababu ya kuchoma afuate haya:

1. Aombe kibali kwa mwenyekiti wa kitongoji siku 3 kabla. Kibali kiwe bure na kipatikane kitongojini. Mkimtoza mtu fedha au kumtembeza kilomita 6 kwenda ofisini, hatarudi tena.

2. Awaarifu wote wanaopakana naye, nao waweke sahihi au dole gumba kwenye karatasi ya kibali.

3. Asafishe ukanda wa mita 3 kuzunguka eneo lote mpaka udongo uonekane. Likipakana na miti au nyasi ndefu, iwe mita 5 au zaidi.

4. Awe na watu wazima wasiopungua 5 kwa ekari moja, matawi mabichi au vipigio vya kuzimia moto, na lita 40 za maji zikiwa pale pale shambani.

5. Awashe kuanzia saa 10 jioni, upepo unapotulia na unyevu wa hewa kuanza kupanda. Wengi hupenda asubuhi kwa sababu kuna umande, lakini moto wa asubuhi unaelekea kwenye saa za jua kali na upepo. Wa jioni unaelekea kwenye ubaridi.

6. Aanzie upande ambao upepo unaelekea, au juu ya mteremko, ili moto utambae taratibu dhidi ya upepo au kushuka. Ukanda ulioungua ukifika mita 10 hivi ndipo pande nyingine ziwashwe. Anayewasha chini ya mteremko amepoteza usukani tangu mwanzo.

7. Asiondoke mpaka moshi wote umekwisha, na arudi kesho yake asubuhi kukagua.

Zipo siku ambazo vibali vyote husimamishwa. Fuatilieni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, lakini jifunzeni pia kusoma dalili. Kunja nyasi: ikikatika badala ya kupinda, imekauka kabisa. Tazama milingoti (mikaratusi): matawi madogo yakiyumba bila kupumzika, upepo umezidi. Msisubiri joto. Mufindi na Makete siku yenye baridi, ukavu na upepo inaweza kuwa hatari kuliko siku ya joto tulivu, na watu hudanganywa na sweta walizovaa. Siku hizo mwenyekiti apandishe kitambaa chekundu kwenye mti wa ofisi, na ujumbe usambazwe kwa simu.

Malundo ya mabanzi na maranda yana sheria yao. Hayachomwi kiangazi hata kwa kibali. Moto ukiingia ndani ya lundo la maranda hufukuta siku nyingi bila kuonekana, kisha upepo huuamsha. Mwenye dingdong asafishe mita 10 kuzunguka mashine, na injini isijazwe mafuta ikiwa ya moto.

Hatua ya 4: Ziandikeni ziwe sheria ndogo

Makubaliano ya mdomo huvunjika siku ya kwanza mtu mkubwa anapoyavunja. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Rasimu hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji ijadiliwe, kisha halmashauri ya wilaya huidhinisha. Zoezi hilo huchukua miezi, kwa hiyo mnaoanza mwaka huu tegemeeni sheria kutumika kiangazi cha mwakani, na kwa sasa mwende na azimio la mkutano mkuu. Ombeni afisa misitu na mwanasheria wa halmashauri waipitie rasimu mapema ili isigongane na Sheria ya Misitu ya 2002.

Ndani yake iwepo: kibali, upana wa barabara za moto, wajibu wa mwenye shamba asiyeishi kijijini, nguvukazi, faini, na mahali faini inakokwenda. Hilo la mwisho lisiachwe. Faini ilipwe kwa stakabadhi, iingie akaunti ya kijiji, na isomwe kwenye mkutano mkuu. Watu wakiona faini zinanunua vipigio, watatoa taarifa. Wakizihisi zinaishia mifukoni, watakaa kimya.

Hatua ya 5: Barabara za moto za pamoja

Kila mtu akisafisha ukanda mwembamba kuzunguka ekari zake mbili, jasho jingi litamwagika na moto utapita. Kazi kubwa iwekwe kwenye mistari michache ya pamoja. Mahali pake bora ni kwenye mgongo wa kilima au nyuma yake kidogo, kwa sababu moto unaopanda hupoteza kasi unapofika kileleni. Katikati ya mteremko ni mahali pabaya: moto hufika hapo ukiwa na nguvu zote, na kila nyuzi 10 za mwinamo zinazoongezeka huweza kukaribia kuongeza kasi yake maradufu.

Kwa mistari ya pamoja inayotazamana na nyika ya nyasi, lengeni mita 20. Kati ya vitalu vya miti, mita 10. Kwenye mpaka wa wakulima wawili, kila mmoja aache mita 5 upande wake. Kwa mashamba mapya hilo liamuliwe wakati wa kupima mashimo, maana hakuna anayekubali kung'oa miti yake ya miaka minne.

Fanyeni hesabu ya nguvukazi mapema. Mstari wa kilomita 3 wenye upana wa mita 10 ni mita za mraba 30,000, yaani hekta 3. Mkikadiria mtu mmoja kufyeka na kukwangua mita za mraba 200 kwa siku, ni siku-kazi 150: watu 50 kwa siku 3. Gawanyeni kwa vitongoji, kila kimoja kipewe kipande chenye alama mwanzo na mwisho.

Makosa tunayoyajua ni haya. Barabara husafishwa Mei, halafu haitazamwi tena. Kufikia Agosti nyasi zimechipua na kukauka, na sindano za paini zimetandazwa na upepo kutoka ukingo hadi ukingo. Pangeni usafi wa pili mwanzoni mwa Agosti. Takataka zilizofyekwa nazo hulundikwa ukingoni upande wa miti, zikawa kuni za kuupandisha moto kwenye matawi; zitawanyeni, au zitoeni mbali. Mti mkavu uliosimama karibu na barabara uangushwe, kwani ukiungua utaanguka kuvuka mstari. Penye mteremko mkali msikwangue hadi udongo mtupu. Fyekeni chini kabisa, mwondoe takataka, na kuchimba mikingo ya maji kila mita 20 au 30, la sivyo mvua ya kwanza ya Desemba itafanya korongo.

Ndani ya shamba, kupogoa ni kinga pia. Paini ya aina ya patula ina gome jembamba ikiwa changa, na matawi yake makavu ya chini ni ngazi ya moto kupanda kileleni. Safu tano za pembezoni zipogolewe kwanza, matawi yaondolewe. Milingoti ina shida nyingine: vipande vya gome lake hupaa vikiwaka na kuangukia mbele ya moto, ng'ambo ya barabara yenu nzuri. Kwa hiyo kwenye mlingoti daima awepo mtu wa kulinda nyuma ya mstari.

Kwenye nyika za nyasi, uchomaji wa mapema mwezi Mei au mwanzoni mwa Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi, hupunguza chakula cha moto wa Septemba. Ufanywe vipande vipande, chini ya usimamizi wa afisa misitu, na kamwe usikaribishwe kwenye msitu wa asili wa milimani au vyanzo vya maji. Miti ya misitu hiyo haikuzoea moto, na ikiungua huchukua muda mrefu mno kurudi.

Hatua ya 6: Kikosi na vifaa

Kila kitongoji kiwe na kikosi cha watu 10: kiongozi, mtazamaji, wanne wa vipigio, wawili wa pampu za mgongoni, wawili wa majembe na reki. Mtazamaji hazimi moto. Anasimama mahali pa juu, anatazama upepo na moto mpya, na ana filimbi. Watu humwona kama mvivu na kumpa kipigio; msikubali.

Kipigio hutengenezwa kwa kipande cha mpira wa mkanda wa mashine au ubavu wa tairi, sentimita 40 kwa 30, kilichofungwa kwa bolti tatu na washa kwenye mpini wa mita 2. Misumari huchomoka. Kinatumika kwa kukandamiza na kuburuta kuelekea upande ulioungua. Anayekirusha juu kwa nguvu anatawanya cheche.

Pampu za lita 16 zitengwe na zile za dawa za viazi na nyanya, zipakwe rangi nyekundu. Mabaki ya viuatilifu yakipanda na mvuke huingia mapafuni. Kijiko cha sabuni ya maji kwenye pampu huyasaidia maji kupenya mkeka wa sindano za paini badala ya kuteleza juu yake.

Mavazi: pamba nzito, mikono mirefu, viatu vya ngozi. Nguo za nailoni na polista huyeyuka na kugandamana na ngozi. Kila mtu abebe walau lita 2 za maji ya kunywa.

Hatua ya 7: Siku moshi unapoonekana

Anayeona apige simu kwa mwenyekiti wa kitongoji, aseme jina la mahali, moto unaelekea wapi, unaunguza nini, na nani yuko karibu. Mwenyekiti anapiga kengele ya shule au ya kanisa, anatuma bodaboda mahali pasipo na mtandao, na anajulisha kijiji jirani na shamba kubwa mnalopakana nalo. Zimamoto ni 114. Pigeni hata kama mnajua gari liko mbali.

Kiongozi awe mmoja tu, na jina lake liwe limeshatangazwa tangu Juni. Kijiji kikiwa na makamanda watatu, watu hugawanyika na kuzingirwa. Karani aandike jina la kila anayekwenda na kulifuta anaporudi. Wanafunzi, wajawazito na waliokunywa wasiende mstari wa mbele.

Anzeni mkiani, mahali palipokwisha kuungua, mfuate mbavu za moto pande zote mbili mpaka mkibane kichwa. Miali ikizidi mita 1.2, vifaa vya mkono havitoshi kuukabili uso kwa uso. Rudini kwenye barabara ya moto au kinyungu mkausubiri huko. Msiwe kamwe juu ya mteremko ambao moto uko chini yake na kuna nyasi ambazo hazijaungua kati yenu. Kabla ya kuanza, kila mtu aonyeshwe kwa kidole njia mbili za kukimbilia. Mahali salama pa karibu mara nyingi ni palipokwisha kuungua na kupoa.

Kuwasha moto wa kukabili, yaani kuunguza nyasi zilizo mbele ya moto ili ukose chakula, ni kazi ya aliyefunzwa, kwa amri ya kiongozi, kutokea kwenye mstari uliosafishwa, baada ya kuhakikisha hakuna mtu mbele. Mtu mmoja mwenye kiberiti na hofu anaweza kuwazingira wenzake.

Hatua ya 8: Msiondoke mapema

Moto mwingi "unaorudi" haukuwa umezimwa. Visiki vya paini vina utomvu, na mizizi hufukuta chini kwa chini. Kagueni ukanda wa mita 20 hadi 30 ndani ya ukingo ulioungua: sogezeni mgongo wa mkono karibu na visiki bila kugusa, chimbeni penye joto, changanyeni maji na udongo. Magogo yanayoweza kubingirika kuvuka ukingo yageuzwe ncha moja ielekee juu ya mlima na nyingine chini. Wekeni walinzi wa zamu kwa saa 48, hasa kati ya saa 5 asubuhi na saa 10 jioni, upepo unapoamka.

Ndani ya wiki moja kamati iandike moto ulianza wapi, saa ngapi, kwa kazi gani, taarifa ilichukua muda gani, na uliishia kwenye kizuizi kipi. Fomu hizo ndizo zitakazowaonyesha mwakani mstari upi uongezwe upana na kitongoji kipi kinahitaji mabomba ya asali. Paini iliyoungua ivunwe na kupasuliwa mapema kabla ya ukungu wa bluu na wadudu kushusha bei ya mbao. Miteremko iliyobaki mitupu juu ya chanzo cha maji iwekewe vizuizi vya matawi kabla ya mvua.

Desemba, vipigio vihesabiwe, pampu zioshwe na kuning'inizwa zikiwa tupu, raba zilizochanika zibadilishwe, na namba za simu kwenye daftari la wenye mashamba zipigwe moja moja kuona kama bado zinapatikana.